Kitabu cha mauaji kinachekesha nini?

Mwanangu,

Mdogo wako amekwisha kunisemea kwamba nacheka peke yangu usiku, nawe ukaniuliza: "Mama, kitabu cha mtu kuuawa kinachekesha nini?" Swali zuri, ingawa najua ulitaka kujua kama akili yangu bado iko sawa.

Nimempata tena Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni. Nilimsoma nikiwa binti, halafu zikaja kazi, nyinyi na ada. Juzi nikamkuta hapa Moshi kwa muuza vitabu vya mitumba: Mzimu wa Watu wa Kale, jalada limenyofoka. Ndicho kilichompa Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, ushindi katika mashindano ya uandishi ya 1957–58. Kikachapwa 1960.

Baba yako ni mtu wa Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, bastola na mbio. Bwana Msa hana haraka hizo. Ana kiko chake, ana mwenzake Najum wa kumsikiliza na kushangaa. Utasema Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na ni kweli mwandishi amechota huko. Lakini maneno ni ya barazani Unguja kabisa. Watu wanachambana kwa adabu zote, bwana huku, samahani kule, na aliyetukanwa anakuja kujua akishafika kwake. Wengine wakitetemekea mizimu, yeye anataka kujua nani kazaa na nani na mali ya marehemu inakwenda wapi. Hapo ndipo ninapocheka, maana hata vikao vyetu vya ukoo huku mgombani huanza hivyohivyo.

Nakala yangu ina mtu aliyeandika pembeni kwa penseli, kurasa za mwanzo tu, "Huyu ndiye!" Kakosea vibaya, maskini, na mbele hakuandika tena.

Kasoro hazikosi. Siri za uzazi zinazidi. Kwa kitabu chake kingine, Duniani Kuna Watu, ilinibidi nichukue karatasi nichore nani ndugu ya nani. Hicho kiache kwanza. Anza na hiki cha Mzimu, kisha Kisima cha Giningi.

Sikutumii kwa basi, kurasa zitabaki njiani. Desemba mkija utasomea hapahapa. Ila kaa mbali na baba yako: alikiokota mezani akidai anakitazama tu, amekimaliza, na sasa kila tukila anataka kumtaja muuaji.

Mama yako