Maswali na majibu: adabu ya Kihispania imo kwenye kitenzi

Mtu akiniambia «gracias» (asante), nimjibu nini?

«De nada». Inafaa Madrid, inafaa Lima. Ukitaka kubadilisha, «no hay de qué». Costa Rica utasikia zaidi «con gusto», na Mexico mara nyingi «por nada». Swali hili halichoki kurudi, na wengi wanaolileta bado wanatamka «grasiasi». Neno linakoma kwenye s. Usilitilie irabu mkiani.

Naongoza watalii Arusha. Kila sentensi naitia «por favor» (tafadhali), lakini wazee kutoka Hispania bado wananiona sina adabu. Wanataka nini tena?

Wanataka kitenzi. Mifano uliyoandika, «Sube, por favor» (panda) na «Espera aquí, por favor» (subiri hapa), ni amri za tú, yaani «wewe» ya rafiki, rika na mtoto. Kumwambia hivyo bibi wa miaka 75 usiyemjua ni kama kumwamkia «mambo vipi, tafadhali». Hiyo tafadhali haiokoi kitu.

Mtu mmoja wa kuheshimiwa hupewa amri za usted, yaani «wewe» ya heshima: suba, espere, pase (pita), siéntese (keti). Kundi hupewa za ustedes: suban, esperen, pasen, siéntense. Wahispania wakiwa na marafiki zao husema subid, esperad, lakini ustedes haimuudhi mtu, na Amerika ya Kilatini hawana nyingine ya wingi. Zizoeze kwa sauti hadi zitoke zenyewe, maana wageni wakishafika mlangoni mwa gari huna muda wa kunyambua.

Kosa la pili ni baya zaidi: kuchanganya. «¿Cómo estás, usted?» «Usted tienes su mochila.» Usted ilitokana na vuestra merced, namna ya kumtaja mtu kwa heshima yake badala ya kumwambia wewe, ndiyo maana kitenzi chake ni cha nafsi ya tatu: está, tiene, quiere. Vijineno vingine navyo hufuata: su badala ya tu, le badala ya te. «¿Le ayudo con su mochila?» (nikusaidie mkoba wako?) ina adabu kamili, na por favor haimo.

Mgeni akisema «tutéame» au «háblame de tú», yaani niite tú, badilisha papo hapo; kung'ang'ania usted baada ya hapo ni kumwekea ukuta. Hispania watu huhamia tú upesi, hata dukani. Bogotá, kwa upande mwingine, utasikia ndugu na marafiki wakiitana usted, na programu ya simu iliyokufundisha kwamba usted ni ya mabosi tu imekupotosha. Na majina: señor huenda na jina la ukoo, don na jina la kwanza. Señor García, don Antonio. «Don García» hakuna.

Perdón, disculpe, lo siento, con permiso: si yote ni samahani?

Hapana. Unapita katikati ya watu: «con permiso», kabla hujawagusa. Umeshamkanyaga mtu: «perdón». Unamsimamisha mtu barabarani umuulize njia: «disculpe» au «perdone». Ukisema «disculpa» umeshamwita tú, tumerudi kule kule.

«Lo siento» iweke kwa jambo lenye uzito. Sisi tunaigeuza pole ya kila saa: mtu katoka kazini, «lo siento». Atakuuliza umemkosea nini. Aliyejikwaa muulize «¿Está bien?» (uko salama?). Aliyetoka kazini hadai neno lolote. Msibani ndiko mahali pake: «lo siento mucho», au kwa urasmi zaidi «mi más sentido pésame», au «le acompaño en el sentimiento». Kisha nyamaza. Usianze kuuliza marehemu aliugua nini.

Rafiki aliyeko Bogotá anasema niagize hivi: «¿Me regala un café?» Kwani kahawa huko ni ya bure?

Utalipa. Colombia na Costa Rica, regalar ni njia ya upole ya kuomba kitu: kahawa, kalamu, hata saini yako kwenye fomu. Usiipeleke Madrid, mhudumu atadhani unaomba zawadi. Huko sema «¿Me pone un café?» «Quiero un café» (nataka kahawa) si tusi, ila ni kavu, «quería» (nilitaka) na «quisiera» (ningependa) hulainisha. Na tafadhali msiniandikie tena kwamba «quería» ni wakati uliopita. Katika ombi, wakati uliopita ndio upole wenyewe.

«¿Mande?» nayo?

Ni ya Mexico hasa. Watoto wengi hufunzwa kuitika hivyo badala ya «¿qué?» (nini?), ambayo wazazi huona ni ukali. Kwingine «¿cómo?» au «¿perdón?» inatosha.

Mtu akipiga chafya?

«Salud». Hispania pia «Jesús». Anajibu «gracias», basi.

Nikitambulishwa kwa mtu, mimi ni mwanamke: «encantado» au «encantada» (nimefurahi kukujua)?

Encantada. Jinsia ni ya anayesema. Hutaki hesabu hiyo? «Mucho gusto» haibadiliki.

Saa saba mchana nimesema «buenas tardes» (salamu ya alasiri), mwenye duka Sevilla akanijibu «buenos días» (ya asubuhi). Nani kakosea?

Hakuna. Hispania, kwa wengi, asubuhi haijaisha mpaka wale chakula cha mchana, kwenye saa nane au tisa. Amerika ya Kilatini mpaka ni saa sita. Ukibabaika, «buenas» peke yake hufanya kazi saa zote, ila si mbele ya hakimu wala afisa uhamiaji.

Namhudumia mzee hapa Valencia. Kwenye foleni ya soko watu hawasimami kwa mstari, na nikienda mbele wananifokea.

Mstari upo, ila hauonekani kwa macho. Ukifika, kabla ya lolote, sema kwa sauti «¿Quién es el último?» (nani wa mwisho?) Atakayejibu «yo» (mimi) mshike sura, kwa sababu zamu yako ni baada yake, hata akiwa kakaa kwenye benchi la mbali. Akifika mwingine akauliza, «yo» ni yako. Ukiondoka kidogo bila kumwambia aliye nyuma yako, umepoteza nafasi.