Usilinunue hilo gongo la besiboli kabla hujaona nyuzi za mbao kwenye mshikio

Mkuu, usitume hizo hela! Unasema kijana wako kaingia timu ya besiboli ya shule huko Ohio, umepata gongo la mti wa mepo (maple), jeusi, linang'aa, dola 90, na muuzaji anaapa halivunjiki. Unauliza sehemu za gongo, na kama ununue la mbao au la aluminiamu. Hilo neno "halivunjiki" ndilo lililonitia hasara.

Nilimnunulia mwanangu jeusi kama hilo kwa dola 140. Yule wa dukani akaniambia rangi nzito inaikaza mbao. Uongo mtupu! Mechi ya pili tu, mpira ukapiga gongo karibu na mikono yake, likakatika mshazari. Tumbo zima, ule upande mnene, likaruka na ncha kama mkuki, likachoma nyasi hatua mbili kutoka kwa mtoto aliyekuwa analinda besi ya tatu, mojawapo ya vituo vya uwanjani. Ukelele wa mama yake nausikia mpaka leo. Nikarudi dukani, bwana yule akasema mwanangu hajui kupiga, akaniuzia jingine. Hilo nalo likadumu wiki tatu. Dola 280 zimekwenda, na mtoto wa watu nusura aumie.

Jirani yangu seremala ndiye aliyenifumbua macho. Alikwangua rangi kwenye kile kipande cha mshikio, akanionyesha: nyuzi za mbao hazikushuka sambamba na gongo, zilikuwa zinatokea ubavuni. Nililia moyoni, maana marehemu baba hakuchonga mpini wa jembe bila kwanza kuangalia nyuzi zinakoelekea. Nililijua hili tangu utotoni, rangi ikanipumbaza.

Sasa angalia gongo lenyewe. Chini kabisa kuna kifundo cha kuzuia mkono usiteleze, juu yake mshikio mwembamba, kisha linanenepa polepole mpaka kwenye tumbo linalopiga mpira. Kwenye Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani linatakiwa liwe kipande kimoja cha mbao, tumbo lisizidi inchi 2.61 na urefu usizidi 42. Ndani hamna chuma wala gundi. Unene wote uko juu, na pale chini pembamba kinachoshika ni nyuzi tu. Zikienda upande, hakuna rangi itakayokuokoa.

Mepo ina tatizo lake: nyuzi zake hazionekani vizuri. Mti wa eshi (ash) una mistari wazi, na ukichoka huanza kubanduka maganda, unakupa taarifa. Mepo hukatika ghafla. Mwaka 2008 magongo ya mepo yalikuwa yanapasuka vipande vipande hata kwenye Ligi Kuu, mpaka wakaitwa wataalamu wa mbao, wakiwemo wa maabara ya misitu ya serikali iliyoko Madison, Wisconsin. Wakakuta nyuzi kukaa mshazari ndiyo sababu kubwa. Tangu hapo, kwenye magongo ya mepo ya ligi hiyo, tone la wino huwekwa kwenye mshikio usiopakwa rangi, wino unafuata nyuzi, na mwinamo wa nyuzi hautakiwi kuzidi digrii 3. Kidoto hicho kitafute!

Na mwambie kijana nembo ya kiwanda iliyo kwenye gongo ielekee juu au chini anapopiga, isielekee mpira. Hilo nalo hakuna aliyenieleza dukani.

Aluminiamu sawa, ila kwa shule za sekondari hakikisha lina muhuri wa BBCOR, yaani kipimo kinachozuia gongo lisirushe mpira kwa kasi kupita kiasi. Muhuri huo ni lazima tangu 2012, na mwamuzi hataliruhusu bila huo.

Lakini kwa hilo la mbao, mwambie muuzaji apige picha za mshikio juani, kwa karibu, pande zote nne. Akikujibu kwamba rangi imefunika nyuzi, basi usinunue. Picha zikija ziweke hapa, nitaziangalia leo hii hii.