Saa ya mnadani inasoma mwaka 2031: nairudishaje nyuma?

Swali: Shikamoo fundi. Nanunua mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) hapa Kirumba, Mwanza, na mwezi ujao nakwenda Hong Kong kibiashara. Huko kuna mnada wa saa, na katika katalogi yao nimeipenda saa ya IWC Da Vinci ya dhahabu, kronografu (yenye kipima muda) iliyo na kalenda ya kudumu, inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi, na sura ya mwezi wa angani. Makisio yao ni dola za Hong Kong 60,000 hadi 90,000. Wameandika kuwa inatembea, ila hawatoi dhamana. Kwenye picha kidirisha cha mwaka kinasoma 2031. Nikiinunua si nairudisha tu nyuma? Na ikikaa kabatini wiki tatu bila kuvaliwa, kalenda itaharibika?

Jibu: Marahaba. Hairudi nyuma, na ni vizuri umeuliza kabla ya kunyoosha mkono mnadani.

Saa hiyo ilitoka mwaka 1985. Kalenda yake ilibuniwa na Kurt Klaus, fundi wa IWC kule Schaffhausen, Uswisi. Kalenda nyingi za kudumu zina vitufe vidogo ubavuni, kimoja cha tarehe, kingine cha siku, kingine cha mwezi. Klaus aliviondoa. Usiku mashine inaisukuma kalenda mara moja tu, na msukumo huo unatoka kwenye tarehe kwenda siku, mwezi, mwaka, hadi karne. Ukivuta kile kichwa cha kutilia ufunguo hatua moja na kukizungusha, unafanya kazi ileile ya usiku: siku moja mbele, kisha nyingine. Njia ya kurudi haikuwekwa. Saa iliyolala nyuma miaka miwili itakuchosha vidole tu mpaka ifike leo. Iliyotangulia ina dawa mbili: isimamishwe mpaka tarehe yake ifike, au ifunguliwe na fundi aliyefunzwa kalenda hiyo.

Akili yake iko kwenye gurudumu linalozunguka mara moja kwa miezi 48. Ukingo wake umekatwa: mwezi wa siku 31 hauna pengo, wa siku 30 una pengo dogo, Februari ina pengo refu, na Februari moja kati ya nne pengo lake limepungua kidogo kwa ajili ya mwaka mrefu. Wenzo unapapasa ukingo huo, na kina cha pengo ndicho kinachoamua tarehe iruke siku ngapi mwezi unapoisha. Kwa hiyo haihitaji kuguswa mpaka mwaka 2100, unaogawanyika kwa nne lakini hautakuwa mrefu.

Sasa, nani kaifikisha 2031? Nadhani kuna mtu aliichezea. Kutangulia peke yake si ugonjwa. Hofu yangu ni kwamba mkono uliozungusha bila kusoma maelekezo huenda ulizungusha pia kati ya saa mbili usiku na saa nane usiku kwa mishale ya saa yenyewe. Muda huo mashine tayari imeishika kalenda, na ukilazimisha unaweza kuvunja jino au kupinda wenzo. Uharibifu wa namna hiyo hauonekani kwenye picha hata ukikuza vipi.

Waombe video. Mishale ivushwe taratibu saa sita ya usiku tarehe ikiwa 30 Aprili: lazima iangukie 1 Mei. Kisha 28 Februari ya mwaka mfupi, iangukie 1 Machi. Ndiyo, jaribio litaisogeza mbele zaidi, lakini saa hii itafunguliwa kwa vyovyote, kwa hiyo hupotezi kitu.

Halafu tazama sura ya mwezi wa angani. Huu unakosea siku moja kwa miaka 122, wakati ule wa kawaida wenye gurudumu la meno 59 hukosea siku moja kwa miaka miwili na nusu hivi. Kwa kuwa unakwenda pamoja na tarehe, ulinganishe na mwezi wa tarehe inayosomeka pale, wa 2031, wala si wa usiku wa leo. Usipolingana, kuna fundi aliyewahi kuifungua na kuirudishia vibaya. (Wavuvi wa dagaa hapo mwaloni, wanaongoja giza ndipo watoke na taa zao, wangekusaidia kwa mwezi wa leo. Kwa 2031 tafuta kalenda ya mwezi mtandaoni.)

"Inatembea" maana yake gurudumu la kuyumba linayumba, basi. Omba vipimo vya mashine ya kupimia saa. Inapiga mara 28,800 kwa saa, na ikiwa imejaa na imelazwa, ningependa kuona myumbo wa nyuzi 260 au zaidi. Ukiwa karibu na 200, huenda mafuta yamekauka. Ukiitikisa ukasikia rota (kipande kinachozunguka ndani na kuijaza) inavuma na kutetema mkononi, usishtuke. Mashine yake imejengwa juu ya mashine ya kronografu iitwayo Valjoux 7750, na hizo ndivyo zilivyo.

Ulizia pia kichupa cha kioo. Saa hii ilikuja na kichupa hicho, ndani yake kipande cha akiba cha kuonyesha karne, ili isomeke hadi mwaka 2499. Huwezi kukihitaji wewe wala wajukuu wako, lakini kikikosekana bei ishuke.

Kabatini haiharibiki. Ikijaa inatembea saa 44 kisha inalala, na ukirudi unaisogeza siku zilizopita. Kuizungusha mchana, tafadhali.

Kuhusu pesa: juu ya bei ya nyundo (bei ya mwisho mnadani), nyumba za mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi robo hivi au zaidi. Ongeza ushuru na VAT ukifika nyumbani. Mkanda ukiwa wa ngozi ya mamba, uliza kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), au uwaachie mkanda wao.

Kalenda hiyo mimi siifungui, na sikushauri umpe fundi yeyote hapa mjini. Itakwenda kiwandani. Wakikunyima video, iache. Wakikupa na ikapita majaribio, pata kwanza makisio ya gharama za kiwanda, uyatoe kwenye 60,000 pamoja na ada ya mnada, na hapo ndipo mkono wako ushuke.