"Baba aliomba kila siku na bado alikufa"

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwezi ujao rafiki yangu anatimiza mwaka tangu afariki. Tumesali kanisa moja hapa Likoni toka tukiwa vijana, yeye alikuwa kazi ya shifti bandarini, na kitu ambacho hakuwahi kuacha ni maombi ya jioni kwake nyumbani. Saa mbili na nusu tivii yazimwa, kila mtoto aulizwa leo washukuru nini, kale kadogo siku moja kakasema "chapati" na marehemu akaiombea ile chapati kwa makini bila hata kucheka. Akiwa shifti ya usiku alikuwa apiga simu, yawekwa spika juu ya meza, wanaomba hivo hivo na makelele ya makontena kwa nyuma. Sasa hayo yote yamekwisha. Kifungua mimba ana miaka 17, akiitwa sebuleni asema baba aliomba kila siku na bado alikufa, alafu huyo aingia chumbani. Mamake amenyamaza tu. Sisi marafiki kwenye grupu la WhatsApp twachanga pesa za kaburi la marumaru na tisheti zenye picha yake, lakini moyo wangu hautulii. Nimefikiria niwe naenda kila jioni niongoze maombi mimi mwenyewe. Wasemaje? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hiyo ya chapati imenikalia, nimeirudia mara tatu.

Naanza na lile la kwenda kila jioni, manake hapo nimeshtuka kidogo. Usiende. Yani nenda, lakini si kila siku na si peke yako, wewe waijua mitaa yetu, mwanamume akionekana kila saa mbili usiku anaingia kwa mjane, wiki ya pili ashapewa mke wa pili na hata mahari yashatajwa. Nenda na mkeo, mara moja kwa wiki, na umuulize kwanza mama mwenye nyumba. Alafu ukifika usiongoze wewe. Ile nyumba ina mwenyewe. Ukisoma waraka wa pili kwa Timotheo sura ya kwanza utaona Paulo anaitaja imani ya Timotheo akisema ilikaa kwanza kwa nyanyake Loisi na kwa mamake Eunike, babake hatajwi pale, na kwenye Matendo twaambiwa tu kwamba alikuwa Myunani. Kwa hivyo huyo mama akinyamaza usidhani hana kitu, pengine toka mumewe aondoke kila mtu yuwaja kumuombea na hakuna aliyemwambia "leo tuombee wewe".

Sasa huyu kijana. Mimi simwoni kama ameasi, namwona ana hasira, na hasira yake ina haki. Zaburi ya 13 inaanza kwa mtu kumuuliza Mungu atamsahau mpaka lini, na haikutolewa kwenye Biblia ati kwa sababu ya utovu wa adabu. Usimhubirie. Mchukue mvuke feri mwende zenu hadi ng'ambo, na pale mmesimama na upepo umwambie habari za babake ambazo yeye hazijui. Na usimwambie mazuri matupu! Mmekua pamoja, kwa hivyo lazima wajua siku ambayo huyo mtu aligombana na kanisa, ama alilala bila kuomba, ama aliulizana na Mungu kama mwanawe anavyouliza sasa. Sisi tukizika mtu twamfanya malaika, alafu mtoto anabaki na baba asiyeweza kumfikia. Babangu mimi alikuwa mkali sana na mahubiri yake sikumbuki hata moja, nakumbuka tu alfajiri nikimsikia jikoni anatutaja majina mmoja mmoja kwa sauti ya chini, birika linachemka, na jina langu likija najifanya nimelala.

Kaburi jengeni, sina neno, mtu wenu mumpe heshima yake. Lakini ukipanda matatu ya kwenda Kisauni makanga watakupigia kelele "Kengeleni! Kengeleni!" na wengi tunashuka pale bila kuuliza kengele ipi. Ni ile ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa CMS, lile shirika la Kianglikana la Uingereza, miaka ya 1870 kwa watu waliokombolewa utumwani, ilikuwa ikilia kuwapa watu habari hatari ikija. Leo jina limekuwa steji. Marumaru na tisheti naziogopa kwa hilo tu. Za tisheti hasa, mwaka mmoja inakuwa tambara la kupigia deki, bora hizo pesa zilipe fii ya kidato cha huyo kijana na mumwambie waziwazi kwamba ni za rafiki za babake.

Biblia ya marehemu je, iko wapi? Kama ina mistari aliyoipigia kalamu, mama achague ampe nani na lini, msiikimbize. Wiki hii beba mahamri, nenda na mkeo, kaeni. Kijana akibaki chumbani mwache, mlango wa chumba si ukuta, anasikia. Na swali la leo washukuru nini aulizwe kale kadogo kwanza.