Kusoma riwaya ya fantasia baada ya kutazama filamu yake

Wapenzi wa vitabu wana kawaida ya kumlaumu mtu aliyetazama filamu kabla ya kusoma riwaya yake, kana kwamba amejiharibia utamu wote. Lawama hiyo siikubali, hasa kwa riwaya za fantasia, yaani hadithi za dunia za kubuni zenye uchawi, na hasa kwa sisi tunaozisoma kwa Kiingereza ilhali Kiingereza si lugha tuliyolelewa nayo. Wengi wetu tulikutana na Frodo, Gandalf na Harry Potter kwenye skrini, kwa sababu filamu ilipatikana mtaani kwa bei ya chini na kitabu kilikuwa adimu na ghali. Nimesoma riwaya kadhaa za aina hii kwa mpangilio huo, na maoni yangu ni kwamba aliyeanza na filamu ana mtaji mkononi, mradi ajue kuutumia.

Chukua The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, ambayo Peter Jackson aliitengenezea filamu tatu zilizoonyeshwa mwaka 2001, 2002 na 2003. Ni hadithi ya Frodo, hobbit (mtu mfupi wa kubuni), anayesafiri na wenzake, akiwemo mchawi Gandalf, ili kuiteketeza pete ya Sauron, mtawala mwovu wa nchi ya Mordor; pete hiyo humfanya anayeivaa asionekane. Kiingereza chake ni cha kikale kwa makusudi, kwa kuwa mwandishi alikuwa profesa wa Oxford aliyebobea katika lugha za zamani, na majina ya watu, mito na milima yanamiminika tangu kurasa za mwanzo. Katika juzuu ya kwanza kuna sura ndefu ya baraza linalokutana nyumbani kwa Elrond, bwana wa jamii ya elf (viumbe wazuri wasiozeeka), ambapo wajumbe wanazungumza mmoja baada ya mwingine kuhusu vita vya kale, usaliti wa mchawi Saruman na jinsi pete ilivyopotea na kupatikana. Msomaji asiyejua lolote huchoka hapo, na wengine hukifunga kitabu wasikifungue tena. Aliyetazama filamu anamjua Boromir, mmoja wa wajumbe hao, kwa sura, mnara wa Saruman ameuona, na historia ya pete alisimuliwa katika dakika za mwanzo kabisa za filamu ya kwanza. Kwa kuwa anajua mazungumzo yanaelekea wapi, hana haja ya kufungua kamusi kwa kila neno. Ninachoshauri ni kusoma sura nzima kwa mkupuo mmoja, huku ukitia alama ya penseli kwenye maneno magumu, kisha kuyarudia baadaye. Utakuta mengi yameshajieleza yenyewe.

Lipo jambo la kwetu linalotaka tahadhari. Ikiwa filamu uliitazama kwenye kibanda umiza, au kwa diski iliyotiwa sauti ya Kiswahili na DJ, basi hadithi hiyo ilikufikia ikiwa imepita mikono miwili: mwongozaji alipunguza na kuhamisha matukio, kisha msimulizi akaongeza mizaha yake, akawabatiza wahusika majina anayoyataka na kuwatia kinywani maneno ambayo hakuna mwandishi aliyeyaandika. Mimi nazipenda sana simulizi hizo, wala sidhani kama ipo namna ya kufurahisha zaidi ya kutazama ngome ikishambuliwa usiku kucha. Hata hivyo, kabla ya kuanza kusoma ni vyema kuitazama tena filamu kwa sauti yake ya asili, ili masikio yazoee majina halisi.

Hatari kubwa ni kusoma kama mkaguzi wa hesabu, kila ukurasa ukitafuta kasoro. Tofauti ni nyingi mno: katika kitabu inapita miaka 17 kati ya karamu ya Bilbo, ndugu mzee wa Frodo aliyemwachia pete, na siku Frodo anapoondoka kwao, Faramir, ndugu yake Boromir, haitamani pete kama anavyoonyeshwa katika filamu, na anayekuja kumpokea Frodo aliyejeruhiwa njiani ni Glorfindel, shujaa wa elf, si Arwen, binti wa Elrond. Ukizifuatilia hizo tu, utamaliza kitabu ukiwa na orodha ya tofauti tu. Swali lenye faida zaidi ni kujiuliza mwandishi anakujulisha nini, na anakujulisha wakati gani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote upo kwenye lango la Mordor. Filamu inarukaruka, mara kwa Frodo na mwenzake Sam, mara kwa Aragorn anayeongoza vita, ili mtazamaji ajue wakati wote nani yuko wapi. Tolkien hakufanya hivyo. Nusu ya pili ya juzuu ya pili inawafuata Frodo na Sam, na inaishia pale Frodo, akiwa hai, amechukuliwa na maadui huku Sam akiachwa nje ya mlango uliofungwa. Juzuu ya tatu inaanza, na kwa nusu yake nzima Frodo hatumwoni kabisa. Tunasoma habari za Gandalf, Pippin rafiki wa Frodo, Denethor, na kuzingirwa kwa Minas Tirith, mji anaoutawala Denethor. Hatimaye Aragorn anafika langoni na jeshi dogo, mjumbe wa Sauron anatoka kuwalaki, na anaonyesha vitu kimoja baada ya kingine: kwanza upanga mfupi wa Sam, kisha joho la kijivu lenye bizimu, na mwisho ile deraya ya madini ya mithril aliyokuwa ameivaa Frodo. Pippin anaruka mbele kwa kilio, na Gandalf anamsukuma nyuma. Msomaji wakati huo hana habari yoyote ya kumfariji, kwa sababu anajua yale yale wanayoyajua wao, au zaidi kidogo tu. Toleo refu la filamu linaionyesha deraya hiyo, lakini kufikia hapo mtazamaji ameshamwona Frodo akiwa huru, hivyo hofu inabaki kuwa ya wahusika peke yao. Mimi niliyeujua mwisho tangu zamani nilizisoma kurasa hizo moyo ukinidunda. Kwa hiyo usirukie mbele kumtafuta Frodo, hata kama unamkumbuka yuko wapi. Fuata mpangilio wa kitabu.

Kishawishi kingine ni kuanzia pale filamu ilipoishia, au kuruka vitabu ambavyo filamu zake unazikumbuka vizuri. Katika mfululizo wa Harry Potter, anayeruka kitabu cha tatu kwa sababu filamu yake ya mwaka 2004 anaijua atakosa maelezo ya nani hasa walioichora ramani ya Hogwarts, shule ya uchawi, na kwa nini wanajiita majina yale, jambo ambalo filamu haikulifafanua ingawa ramani yenyewe imo. Kitabu cha tano, chenye sura 38, ndicho kirefu kuliko vyote saba, lakini filamu yake ya mwaka 2007 ni miongoni mwa zile fupi zaidi. Hapo unaweza kukadiria mwenyewe kiasi kilichoachwa.

Mambo huweza pia kuwa kinyume. The Hobbit, iliyotoka mwaka 1937, ni kitabu cha sura 19 kilichoandikwa kwa ajili ya watoto, nacho kikanyooshwa kuwa filamu tatu kati ya mwaka 2012 na 2014. Anayekifungua akitarajia vita virefu vya filamu ya tatu atashangaa, kwani Bilbo anapigwa jiwe kichwani na kuzirai, na anapozinduka vita vimekwisha. Tauriel, mwanamke wa elf aliyemo kwenye filamu, naye hatamkuta popote. Pamoja na hayo, ndicho ninachomshauri anayeanza, maana ni kifupi na msimulizi wake anazungumza na msomaji kama babu anayetoa hadithi.

Ukinunua kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba, angalia mambo mawili: kwamba si toleo lililofupishwa kwa wanafunzi wa lugha, na kwamba hukuuziwa juzuu ya pili bila ya kwanza, jambo linalotokea mara nyingi. Jalada lenye picha za waigizaji lisikutie shaka, kwa kuwa maandishi ya ndani kwa kawaida ni yale yale.

Kuhusu kuruka kurasa, mimi si mkali. Utangulizi wa Tolkien kuhusu maisha ya hobbit na tumbaku yao unaweza kusubiri. Lakini sura za Tom Bombadil, ambaye filamu ilimwacha kabisa, zisome hata zikikupotezea subira, kwa sababu huyo anaivaa pete na haimpotezi machoni pa watu. Vilevile usisimame pete inapoteketea: zinabaki sura sita, na mojawapo inawarudisha wasafiri nyumbani na kukuta miti imekatwa na Saruman akitawala kwa ulaghai, nao wanalazimika kupigana wenyewe. Na anayemtafuta Arwen, ambaye katika riwaya haonekani sana, afungue Kiambatisho A mwishoni mwa juzuu ya tatu. Hapo ndipo ilipo hadithi yake na Aragorn, ambayo waandishi wa filamu walichota vipande vyake na kuvitawanya katika sehemu zote tatu. Akisome baada ya sura ya mwisho, si kabla, kwa kuwa kinafika hadi kifo cha Aragorn, ambacho filamu ya pili ilikidokeza kupitia maono ya Elrond.