Jibu: Usipeleke soko zima kwenye kikao cha bajeti mwezi wa Mei

Wewe wa Nyalenda kule Kisumu, simama hapo hapo. Eti unakodi matatu mbili upeleke akina mama wa sokoni kwenye kikao cha maoni ya bajeti wiki ijayo, mkaombe choo na mtaro? Dai hiyo pesa ya matatu irudi.

Sisi huku Kaptembwo, Nakuru, tulifanya hayo hayo. Kuna mheshimiwa mtarajiwa mmoja, mjuaji wa kila kitu, alituambia, "Njooni wengi, serikali huogopa umati." Tukafunga vibanda, tukachanga nauli, wengine wakashona vitambaa vya sare. Mimi nikatoa Kizungu cha tangu shule, ukumbi ukapiga makofi. Bajeti ikapita. Mtaro hakuna. Naye mtarajiwa hashiki simu hadi leo, labda bado anautafuta huo umati.

Kilichoniuma zaidi ni daftari la mahudhurio lililozungushwa pamoja na soda. Safu ya jina, ya kitambulisho, ya simu, ya sahihi. Ya "mnataka nini" haikuwepo. Tulisaini tukicheka, na ripoti ilipotoka, sahihi zetu ndizo zilizoambatishwa kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Kwa soda moja, tena ya moto!

Kwa sheria ya Kenya ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Ukija Mei unakuta sufuria zimeshaoshwa. Mgao wa kila sekta ulishawekewa kikomo kwenye mkakati wa fedha wa Februari, na kamati ikitaka kukuongezea wewe, lazima ipunguze kwa mwingine. Nani atakubali kukatwa? Barabara ya kwa MCA, mwakilishi wa wodi?

Mradi huingilia kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao lazima ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kwa hiyo kimbizana na Juni na Julai. Karatasi moja tu: mtaro uanzie wapi, uishie wapi, maji huingia vibanda vipi, ardhi ni ya nani. (Kama ni ya mtu binafsi, maliza hilo kwanza.) Toa nakala mbili, peleka kwa msimamizi wa wodi, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Hiyo ya mhuri ndiyo utakayowaonyesha wakidai hawajawahi kukusikia. Safari ya pili tulienda watu wawili na karatasi, bila sare, na mtaro ukaingia kwenye mpango. Umejengwa nusu, lakini nusu hiyo inapitisha maji.

Uliuliza pia habari ya mkalimani wa Dholuo, na sijui nini kuhusu choo. Wengine watakujibu. Akina mama waache wauze omena yao. Hiyo karatasi ya mtaro umeshaiandika?