Wahadhiri wangu wameanza kukwepa kazi za jamii, nimekosea wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mi ni mkuu wa idara chuo kikuu, nina wahadhiri watatu vijana waliokuwa na moto kweli wa kutoka na wanafunzi wakajifunze na kutafiti pamoja na wananchi. Mwaka jana walienda vizuri, mwaka huu kila mmoja ana udhuru. Nimewaandalia semina mbili lakini wapi. Nifanyeje?

JIBU: Mkuu, utanisamehe, ila semina sio dawa. Hao hawajakosa ujuzi, wamekosa muda, alafu wanajua fika kwamba siku ya kupanda cheo kamati itahesabu makala za majarida tu, zile Jumamosi zote walizokaa vikaoni na wananchi hakuna atakayeziulizia. Ernest Boyer, mtaalamu wa elimu kule Marekani, alishalisema hili mwaka 1990, kwamba usomi sio kugundua vitu vipya peke yake, kuna kuunganisha maarifa, kuyatumia na kufundisha, na vyote vina uzito wake. Miaka 30 na zaidi imepita, kamati nyingi bado zinahesabu makala.

Anza na vipindi. Kozi ya namna hii inakula muda kabla hata haijaanza, kujuana na watu, kukubaliana swali la utafiti ni lipi (wengine wanaenda na dodoso limeshachapwa alafu wanaita ushirikishwaji, basi tu). Mpunguzie kila mhadhiri kozi moja semesta ya maandalizi. Na tafuta mtu wa ofisini ashughulike na usafiri, barua na kibali cha maadili ya utafiti, maana mhadhiri kushinda anatafuta basi ni hasara tupu.

Pesa hata kidogo sio mbaya ila itoke mapema, na nyingine iwafikie wananchi wenyewe, wanaacha shughuli zao kuwafundisha wanafunzi wenu bure.

Kamati ya vyeo huiwezi peke yako, ila mafaili unayaweza. Kuanzia sasa kila mmoja atunze ripoti aliyowarudishia wananchi kwa lugha wanayoielewa, na barua yao ikisema nini kimebadilika, alafu wewe andika maelezo ya kuisindikiza.

Ila kwanza kaa nao mmojammoja uwaulize kinachowachosha. Usiulize kikaoni, kule watakwambia wako bize tu.